Hongo, Tuzo na Enzi

Neno hongo, likitamkwa leo katika mji wa Tunduma, halihitaji kufafanuliwa. Mji huo umekaa mpakani, Tanzania upande huu na Zambia upande ule, umeshikana na Nakonde mfano wa chanda na pete. Ndio lango la malori yaendayo Lusaka, Lubumbashi na miji mingine ya kusini na magharibi. Reli ya TAZARA nayo hupita hapo. Pana forodha, pana mihuri, pana foleni, na penye foleni hapakosekani mtu wa kunong'ona. Anayetaja hongo hapo anataja jinai: fedha inayopita chini ya meza ili gari lipite juu ya barabara.

Mtu huyohuyo wa Tunduma akifungua kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, atalikuta neno hilohilo limekaa pengine kabisa. Katika maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu Tippu Tip, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili na kuchapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, na katika Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa Carl Velten uliotoka mwaka 1901, hongo hutajwa kama gharama ya safari, sawa na posho ya wapagazi. Hailaumiwi kwa kuwa ni hongo. Hulaumiwa, ikilaumiwa, kwa kuwa imezidi. Na wasafiri wa Kizungu waliopita njia hizohizo, walipotafuta neno la lugha yao la kulifasiri, mara kwa mara waliandika tribute.

Hapo ndipo penye fundo. Tribute ya Kiingereza cha leo aghalabu ni neno la sifa. Msanii akifa hutolewa tribute. Mwalimu akistaafu wanafunzi wake humwandikia tribute. Imekuwaje basi neno moja limfikishe Mwingereza kwenye shada la maua, na mwenziwe wa Kiswahili limfikishe mahakamani? Swali hili si la wanaisimu peke yao. Linamhusu mfasiri, linamhusu mhariri wa habari za misiba, na linamhusu khasa mshairi. Kwani kusifu ni kazi kongwe ya mshairi, na sifa ina jamaa wawili wanaofanana sura: mmoja ni tuzo, wa pili ni hongo.

Asili ya tribute ni Kilatini. Kitenzi tribuere maana yake ni kugawa, kumpa mtu fungu lake, nacho kina nasaba na tribus, yaani makundi waliyogawanywa raia wa Rumi. Tributum ilikuwa kodi ya vita waliyotozwa raia hao wenyewe. Mwaka 167 kabla ya Masihi, Rumi ilipokwisha kuishinda Makedonia na kuileta hazina yake nyumbani, raia waliacha kuilipa, na mzigo ukabaki juu ya walioshindwa. Kiingereza kililipokea neno likiwa na harufu hiyo: mali anayoitoa mnyonge kwa mwenye nguvu. Maana ya sifa ilizaliwa baadaye, kwa njia ya sitiari, kwamba sifa nayo ni fungu la mtu na asiponyimwa hupewa.

Tamthilia ya Shakespeare, Juliasi Kaizari, aliyoifasiri Julius Nyerere mwaka 1963 na kuitoa upya mwaka 1969, imezibeba maana zote mbili. Mwanzoni watu wanakaripiwa kwa kumshangilia shujaa ambaye safari hii hakuleta nyumbani wafalme walioshindwa wala mali yao. Katikati ya mchezo mtu anasimama mbele ya maiti na kumtolea marehemu sifa, na sifa hizo ndizo zinazouwasha mji moto. Kodi na sifa, kwa Mrumi, zilikuwa ndugu wa tumbo moja, na zote mbili zilikuwa na nguvu ya kuendesha watu.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kutoa. Ushuru umetoka katika Kiarabu, katika jamii ya neno lenye maana ya sehemu ya kumi. Forodha asili yake ni bandari, pahala chombo kinapopakua. Na mkaazi wa Unguja anayekwenda Forodhani jioni kutafuta pweza na mishikaki anatembea juu ya jina la nyumba ya ushuru. Neno hilo limesafiri. Leo limeandikwa Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, pahala pasiposikika harufu ya bahari. Kodi nayo imekamata mambo mawili, pango la nyumba na haki ya serikali, wala hapana anayeona haya kusema kwamba ameilipa. Katika tafsiri ya Kiswahili ya waraka wa Paulo kwa Warumi, sura ya 13, kodi, ushuru, hofu na heshima vimepangwa mstari mmoja kama madeni manne ya mtu mmoja. Mpangilio huo ni wa Kirumi kwelikweli, na msomaji wa Kiswahili huuona wa ajabu kidogo, kwa kuwa lugha yake imezoea kuiweka heshima mbali na forodha.

Ushuru, kodi na ada vina sifa moja: kiwango chake, kwa kanuni, kinajulikana kabla ya mtu kufika. Hongo haikuwa hivyo. Hongo ilikuwa mazungumzo.

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda hadi Ugogo, ikafika Tabora na Ujiji. Ugogo ni nchi kavu. Maji yake ni ya visima, na kisima kina mwenyewe. Msafara wa mamia ya watu ukikaa siku tatu hunywa maji ya kijiji kizima na kumaliza nafaka iliyowekwa kwa ajili ya kiangazi. Mtawala wa nchi alidai fungu lake, na msafara ulilitoa kwa nguo za merikani na kaniki, zikipimwa kwa shuka na doti, doti moja ikiwa mikono minane, pamoja na shanga na waya wa shaba. Mjumbe alikwenda na kurudi, kiasi kilichotajwa kwanza hakikuwa kilichotolewa mwisho, siku zilipita. Richard Burton, aliyepita Ugogo pamoja na John Speke mwaka 1857, na Henry Stanley, aliyepita mwaka 1871, waliandika manung'uniko mengi juu ya jambo hilo. Mara waliliita kodi, mara tribute, mara wakalipa jina la uporaji wa vitisho. Manung'uniko yao yanaeleweka, lakini ni ya upande mmoja: ni ya mgeni mwenye haraka, mwenye bunduki, na asiye na kisima.

Speke huyo ameandika jambo jingine lenye thamani kubwa zaidi. Mwaka 1861, akiwa Uzinza, kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria, aliona kwamba hongo ilipokwisha kukubaliwa, ngoma ilipigwa ili kila mtu ajue mtawala ameridhika na msafara uko huru kwenda. Ngoma hiyo ni ushahidi unaofaa kuliko kamusi. Kitu kinachotangazwa kwa ngoma, mbele ya watoaji na wapokeaji, wanawake na watoto, hakiwezi kuitwa rushwa. Kinaweza kuwa kizito, kinaweza kuwa cha dhulma, na bila shaka walikuwapo watawala waliokigeuza kuwa mtego wa wasafiri. Lakini hakikuwa siri. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakuwa wakitania. Walikusudia kwamba ujio wa mgeni una fungu la mwenyeji ndani yake.

Kusini ya njia hiyo kuu, katika ukanda ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ambako leo kuna mkoa wa Songwe, watu wa pwani walifika pia wakifuata pembe. Tippu Tip alipita Urungu na Itawa katika miaka ya 1860. Mlozi bin Kazbadema aliweka ngome karibu na Karonga, ng'ambo kidogo ya Mto Songwe, akapigana na Waingereza hadi aliponyongwa mwaka 1895. Wenyeji wa ukanda huo, Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa Momba, Wandali wa Ileje na jirani zao, walikuwa na desturi zao za fungu la mtawala kabla ya msafara wowote kufika. Katika nchi nyingi za bara, tembo akiuawa, pembe iliyogusa ardhi ilikuwa ya mwenye nchi na ile ya juu ikawa ya mwindaji. Kwa Wabemba, upande wa kusini, siku chache za kazi katika shamba la chifu ziliitwa umulasa. Audrey Richards, mwanazuoni wa Kiingereza aliyekaa kwao katika miaka ya 1930, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1939 kwamba ghala la chifu lililojazwa kwa kazi hiyo ndilo lililolisha wafanyakazi, wageni wa baraza na wenye njaa. Fungu lilikwenda juu na likarudi chini. Liliposita kurudi, watu walihama, na chifu asiye na watu hakuwa chifu.

Katika sehemu nyingi za ukanda huo mtawala huitwa mwene. Msomaji wa visiwani hahitaji mkalimani kulielewa neno hilo. Ni ndugu ya mwenye, ndugu ya mwenyeji, na ndugu ya Mwinyi Mkuu aliyekaa Dunga, ambaye alikusanya kodi ya Wahadimu, sehemu ikenda kwa Sultani na sehemu ikabaki kwake, na ambaye ngoma zake na siwa yake zilikuwa alama za enzi yake. Aliyekuwa Dunga na aliyekuwa Mbozi walisimama juu ya msingi mmoja: mwenye nchi hupewa kwa kuwa ni mwenye nchi, na hupewa kwa sauti inayosikika.

Visiwa na ukanda huo vimefungamana kwa jambo jingine, nalo ni karatasi. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ulioiweka Unguja na Pemba chini ya ulinzi wa Waingereza, ukawapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland, na ukachora mpaka kati ya Nyasa na Tanganyika kwa namna ya kuiacha barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha maziwa hayo mawili, upande wa Waingereza. Mpaka unaoigawa leo Tunduma na Nakonde umetokana na karatasi hiyohiyo iliyoiweka Unguja chini ya Waingereza. Wanyamwanga wakajikuta pande mbili za mstari ambao hawakuuchora.

Baada ya mstari huo, hongo haikuweza kubaki ilivyokuwa. Haki ya kumtoza mpita njia ilihamia serikalini. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, na kodi hiyo, pamoja na kazi za kulazimishwa, ilikuwa miongoni mwa sababu za vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907. Mtawala wa nchi aliyepokea kitu kutoka kwa mgeni sasa alikuwa anakiuka amri ya mkubwa wake. Tendo lilikuwa lilelile, jina lilikuwa lilelile, ila ngoma ilinyamazishwa. Na kitu kilichokatazwa kufanywa mbele ya watu hutafuta mlango wa nyuma.

Methali moja ya pwani imeyahifadhi mageuzi hayo kwa maneno manne: penye udhia penyeza rupia. Sarafu yenyewe inataja zama zake, kwani rupia ilitumika katika himaya ya Wajerumani, na Unguja iliendelea nayo hadi mwaka 1936 ilipoipisha shilingi. Lakini neno la kutazamwa hapo ni penyeza. Nguo za hongo hazikupenyezwa; zilihesabiwa juani. Rupia hupenyezwa. Kwa kitenzi hicho kimoja methali imeeleza tofauti ambayo kamusi huieleza kwa taabu. Kitenzi kuhonga nacho kimeendelea kuteremka, hata katika mazungumzo ya vijana kikawa ni kumpa mwanamke fedha ili kumlainisha moyo. Hongera, neno ambalo sauti yake inafanana na hongo kiasi cha kumfanya msikilizaji ashuku udugu, limebaki safi, kwa sababu hakuna anayempongeza mwenziwe kwa siri.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kale. Mfano wa karibu unawajibu. Takrima ni neno lililotoka katika Kiarabu, katika jamii ya ukarimu na karama. Maana yake ni kumkirimu mtu, kumheshimu mgeni. Hapana neno la Kiswahili lililokaribia zaidi maana njema ya tribute. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ili kuruhusu takrima, kwa hoja kwamba mgombea anayewakirimu watu anafuata mila. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo, ikiona kwamba vinafungua mlango wa rushwa na kumbagua mgombea maskini. Vifungu vilikufa, na neno likajeruhiwa. Leo ni taabu kuliandika takrima katika shairi la harusi bila msikilizaji kutabasamu. Miaka sita ilitosha kulifanyia takrima kile ambacho utawala wa kigeni ulilifanyia hongo. Chai imepatwa na hayohayo, na asante iko njiani.

Zipo hata hivyo njia ambazo Kiswahili kimeiokoa heshima isiangukie forodhani. Ya kwanza ni tuza, au tunza kama wengine watamkavyo. Mcheza kwao hutunzwa, husema methali, na kila aliyewahi kuhudhuria taarabu analijua tendo lenyewe. Mwimbaji akifika kwenye ubeti uliomgusa mtu, mtu huyo huinuka, huenda mbele kwa madaha akifuata mdundo, na kumpa mwimbaji noti mbele ya ukumbi mzima. Ni fedha, kama hongo ilivyokuwa mali. Inatolewa kwa mwenye uwezo, kwani mwimbaji kwa saa hiyo ndiye mwenye ukumbi. Lakini inatolewa baada ya kazi, si kabla yake, na inaonekana na kila jicho. Zaidi ya hayo, kutuza ni kuhakiki. Atoaye amechagua ubeti. Amewaambia waliohudhuria, bila kufungua kinywa, kwamba maneno haya ni yangu, au ni yako wewe uliyekaa pale pembeni. Tangu zama za Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, ukumbi wa taarabu umekuwa shule ya uhakiki isiyo na karatasi. Masikio yanaweza kuchanganya mtunzi na mtunzaji, lakini mizizi yao ni mbalimbali: mtunzi ametokana na kutunga, mtunzaji na kutunza. Ushairi unawahitaji wote wawili, na unaharibika wanapokuwa mtu mmoja.

Ya pili ni enzi. Neno hili lina asili ya Kiarabu yenye maana ya nguvu na utukufu, na Kiswahili kimelitumia pande mbili bila kuona mgongano. Kiti cha enzi ni cha mtawala. Kumuenzi mtu ni kumtukuza, awe mtawala au asiwe. Yaani yale aliyoyakusanya Mrumi katika tribute, mamlaka na heshima, Mswahili ameyakusanya katika enzi, isipokuwa ameiacha mali nje. Hapo pana hekima, na pana hatari pia. Hekima ni kwamba mtu asiye na kitu anaweza kumuenzi mwenziwe. Hatari ni kwamba neno lisilogharimu kitu hutumika ovyo. Magazeti yamejaa watu wanaoenziwa kila juma, na aghalabu anayeenzi hasemi marehemu alifanya nini.

Ya tatu ni taazia. Hili wengi hulidhani kuwa ni sifa za maiti. Asili yake ni kuliwaza, na anayeliwazwa ni mfiwa. Mshairi wa zamani aliyetunga taazia alikuwa na mtu hai mbele yake, mwenye machozi, na beti zake zilipimwa kwa kiasi cha faraja zilizoleta. Sifa za marehemu zilikuwamo, lakini zilikuwa dawa, si mapambo. Mfasiri anayeandika taazia kila anapokutana na tribute anageuza uso wa neno kutoka kwa walio hai kwenda kwa aliyelala kaburini, na anapoteza jambo ambalo Kiingereza chenyewe hakina.

Kwa vipimo hivi inawezekana sasa kulitazama shairi la kusifu. Ushairi wa Kiswahili umesifu mitume, mashujaa, masultani, vyama, viongozi na miradi ya maendeleo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera zilizoasisiwa na Mathias Mnyampala zilienea mashuleni na mikutanoni, na nyingi zilikuwa za kusifu siasa ya wakati ule. Si haki kuziita zote hongo. Wapo waliotunga kwa imani, na imani haikosi kusikika katika mizani. Wala kusifu mtawala si kosa. Mtawala aliyetenda mema anastahili fungu lake kama mwengine yeyote. Mambo ya kuulizwa ni matatu. Sifa imetolewa kabla ya tendo au baada yake? Je, inasemwa kwa maneno ambayo wanaomjua msifiwa watayatambua? Na je, msifiwa ana cha kumlipa mshairi? Shairi linalosifu kabla, kwa maneno yanayomfaa kila mtu, likielekezwa kwa mwenye kugawa vyeo, limepenyezwa hata kama limesomwa uwanjani kwa kipaza sauti. Vina vyake vinaweza kuwa timamu, na bado ni rupia.

Mfano wa upande wa pili umetolewa na mtu aliyeijua forodha kwa ndani. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944. Kwa miaka hiyo yote mkate wake ulikuwa ni kuhesabu ushuru wa serikali ya kikoloni, Pangani na kwengineko, na jioni kalamu ileile iliandika mashairi. Mtu huyo, mwaka 1958, alichapisha Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, katika nyumba ya watu maskini, akauza vyungu kabla ya kuuza sauti; mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo, jambo ambalo mwanamke wa pwani hii hakuwa amelifanya kabla yake; na alikufa mwaka 1950. Wasifu ulipotoka alikuwa chini ya ardhi kwa miaka minane. Hakuwa na cheo cha kumpa mwandishi, wala shamba, wala barua ya kumtambulisha kwa mkubwa.

Uzuri wa kitabu hicho haupo katika wingi wa sifa. Upo katika uchaguzi wa msifiwa. Mwandishi aliyekwisha kuwa mashuhuri alichukua umbo la heshima ambalo desturi iliwawekea wakuu, akalivika mwanamke wa shamba aliyedharauliwa kwa asili yake na kwa sura yake, akaeleza kazi yake hatua kwa hatua ili msomaji apime mwenyewe. Karani wa forodha alijua tofauti kati ya mali inayodaiwa na mali inayotolewa kwa khiyari. Hapo tuzo ilipata nathari inayolingana nayo.

Neno tuzo lenyewe limepanda daraja. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipotunukiwa Nobel mwaka 2021, vyombo vya habari vya Kiswahili viliandika tuzo. Ipo Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein iliyoanza mwaka 2014, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2023. Ni furaha kuona noti ya ukumbi wa taarabu imezaa mambo haya. Lakini zikumbukwe sharti za ukumbi ule: atoaye aonekane, kazi itangulie, na watazamaji wawe wameusikia ubeti uliotuzwa. Tuzo ambayo kazi iliyoshinda haichapwi wala kusomwa ni ngoma isiyosikika, na neno hongo linaonyesha nini hulipata neno ambalo ngoma yake imenyamaza.

Faida ya haya kwa mfasiri ni hii. Tribute isifasiriwe kwa neno moja. Ikiwa ni ya msanii aliye hai, tuzo. Ya mtu wa kukumbukwa kwa matendo, kumuenzi, kwa sharti matendo yatajwe. Ya mfiwa, taazia. Ya himaya kwa himaya, kodi au ushuru. Na hongo, inapotokea katika maandishi ya kale, ibaki hongo, ikiwa na maelezo mafupi pembeni kwamba lilikuwa fungu la mwenye nchi, likatolewa hadharani. Isigeuzwe rushwa na mhariri mwenye nia njema.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo kwa aliye Mji Mkongwe. Si dogo kwa kijana wa Tunduma, Vwawa au Itumba. Katika upande wake wa mpaka sheria iliyafuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, na hajamwona mwene akipokea kitu. Upande wa Nakonde machifu wangali wanatambulika. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa mwaka 2019 ili magari yakaguliwe mara moja badala ya mbili. Kijana huyo anajua kodi, anajua forodha, na hongo anaijua kwa jina la kosa. Akiambiwa na kitabu cha zamani, kisicho na maelezo, kwamba watawala wa bara walikula hongo, atakubali kwamba babu zake walikuwa wala rushwa tangu hapo, na kwamba maradhi ya mpakani ni ya urithi. Hiyo si historia. Ni neno lililoachwa lisemwe na wapita njia peke yao.

Na wapita njia hao wengi walikuwa watu wa pwani. Misafara ilitoka huku. Vitabu vilivyoihifadhi hongo viliandikwa kwa lugha ya huku, na manung'uniko ya safari yaliandikwa na waliotozwa, si na waliokuwa na kisima. Kulirejeshea neno hilo maana yake ya kale, pale linapostahili, ni fungu la mwenyeji ambalo pwani haijalitoa.